Nishati jadidifu au mafuta? Mwongozo kamili wa kupima faida na hasara kabla hujatoa pesa

Mabishano mengi kuhusu nishati huanza vibaya. Mmoja anasema jua ni la bure, mwingine anajibu kwamba usiku jua halipo. Wote wawili wamesema kweli, na hakuna aliyemsaidia mtu kuamua. Kinachopaswa kuwekwa kwenye mizani ni uniti moja ya umeme (kilowati-saa moja), au chungu kimoja kilichoiva, kwa saa unayoihitaji, kwa miaka yote ambayo mtambo utakuwa mikononi mwako. Ukipima hivyo, tofauti kuu inajitokeza yenyewe: nishati jadidifu unailipia karibu yote siku ya kwanza, ilhali nishati isiyo jadidifu unailipia kila siku. Faida na hasara nyingi utakazozisikia zinatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Weka kila chanzo kwenye kundi lake

Upande wa vyanzo visivyo jadidifu kuna makaa ya mawe, mafuta (petroli, dizeli, mafuta ya taa), gesi asilia, gesi ya mtungi na urani. Upande wa jadidifu kuna jua, upepo, maji, jotoardhi, kupwa na kujaa kwa bahari, kuni na gesi ya samadi.

Hapa watu hujichanganya kwa kudhani "isiyo jadidifu" maana yake ni "chafu" na "jadidifu" maana yake ni "safi". Sivyo. Urani inachimbwa na itaisha, lakini kinu cha nyuklia kikifanya kazi hakitoi moshi wa kaboni. Kuni nazo ni jadidifu iwapo tu miti inakua kwa kasi isiyopungua ile ya kukatwa. Mkaa ndio mfano mbaya zaidi: tanuri la udongo hula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Kilo 8 za kuni kavu zina nishati ya uniti 33 hivi, na kilo moja ya mkaa ina uniti 8. Robo tatu ya nishati imekwenda na moshi kabla mkaa haujafika jikoni.

Hata jotoardhi inaweza kuchoshwa. Pale The Geysers, eneo la mitambo ya jotoardhi huko California, uzalishaji ulifika kilele mwaka 1987 kisha ukashuka kwa sababu mvuke ulikuwa ukivutwa kwa kasi kuliko maji yaliyorudi ardhini. Ilibidi maji taka yaliyosafishwa yaletwe kwa bomba na kusukumwa chini, kazi iliyoanza 1997.

Hatua ya 2: Andika mzigo wako kwenye karatasi

Usianze kwa kuuliza bei ya paneli wala ya jenereta. Anza na orodha ya vifaa: wati za kila kimoja mara saa kinazotumika kwa siku. Huu ni mfano wa nyumba ya kawaida:

- Friji dogo la kisasa: wati-saa 1,000 kwa siku
- Taa 6 za LED za wati 9, saa 5: wati-saa 270
- Runinga ya wati 60, saa 5: wati-saa 300
- Feni ya wati 50, saa 8: wati-saa 400
- Kompyuta mpakato ya wati 50, saa 4: wati-saa 200
- Simu 4: wati-saa 60

Jumla ni wati-saa 2,230, yaani uniti 2.23 kwa siku.

Kwa friji usizidishe wati zilizoandikwa mara saa 24, kwa kuwa kompresa huwaka na kuzima. Soma lebo ya matumizi ya mwaka ugawe kwa 365, au tumia mita ndogo ya kuchomeka ukutani kwa siku mbili tatu.

Andika pia namba ya pili, ambayo wengi huisahau: mzigo mkubwa wa wakati mmoja. Friji lenye kompresa ya kawaida linapoanza huvuta mara 3 hadi 6 ya wati zake za kawaida kwa muda mfupi sana. Pampu ya maji ni hivyohivyo. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) au jenereta isiyoweza kubeba msukumo huo itazima, na fundi atalaumiwa bure.

Vifaa vya joto viweke kwenye orodha yake peke yake: pasi, birika la umeme, jiko, hita ya maji. Tutavirudia, maana ndivyo vinavyovuruga hesabu.

Hatua ya 3: Jua mafuta yana nishati kiasi gani, na unapata kiasi gani

Faida kubwa ya mafuta ni kwamba yamebeba nishati nyingi mahali padogo. Lita moja ya dizeli ina uniti 10 hivi, petroli 9 hivi, kilo moja ya gesi ya mtungi karibu 13, na makaa ya mawe kati ya 6 na 8 kwa kilo. Hakuna betri inayokaribia hapo: betri ya lithiamu ya kilo 10 hubeba takriban uniti moja. Ndiyo maana ndege na meli kubwa bado zinategemea mafuta.

Lakini injini haitoi zote. Jenereta ya dizeli iliyobebeshwa vizuri hutoa karibu uniti 3 kwa lita, na ndogo ya petroli karibu 2. Zilizobaki ni joto, kelele na moshi. Na hiyo ni pale mzigo unapokuwa karibu na uwezo wa mashine. Jenereta ya petroli ya kilowati 2 inayowasha friji, taa na runinga tu itakunywa takriban nusu lita kwa saa, mzigo uwe mdogo namna gani, kwa sababu injini inazunguka kwa kasi ileile.

Chukua nyumba yetu. Jenereta hiyo ikiwashwa saa 8 kwa siku, inakunywa lita 4 kutoa uniti 2 na ushee. Lita yenye uniti 9 ndani yake umevuna kama nusu uniti! Na friji limekaa saa 16 bila umeme.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ya miaka kumi, kwa lita

Bei hubadilika kila mahali na kila mwezi, kwa hiyo njia rahisi ni kuhesabu kila kitu kwa lita za mafuta. Lita 4 kwa siku ni lita 1,460 kwa mwaka, na 14,600 kwa miaka kumi. Jenereta ndogo inayopozwa kwa hewa hutakiwa kubadilishwa oili kila baada ya saa 100 hivi. Kwa saa 8 kwa siku, hiyo ni kila siku 12. Na injini za aina hiyo kwa kawaida hufika saa 1,000 hadi 3,000 kabla ya kufumuliwa au kutupwa. Saa 8 kwa siku ni saa 2,920 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, panga kununua jenereta nyingine kila mwaka au kufanya matengenezo makubwa. Injini za dizeli zinazopozwa kwa maji na kuzunguka mara 1,500 kwa dakika hudumu zaidi sana, saa 15,000 na kuendelea, ila ni ghali na nzito.

Sasa upande wa sola, kwa mzigo uleule.

Paneli: gawa wati-saa za siku kwa saa za jua kamili, kisha kwa 0.75 kufidia joto, vumbi, waya na inveta. Saa za jua kamili si saa za mchana. Ni hesabu ya jua la wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Tumia mwezi mbaya kuliko yote, usitumie wastani wa mwaka. Ikiwa mwezi huo una saa 4, hesabu ni 2,230 ÷ (4 × 0.75) = wati 743. Paneli mbili za wati 400 zinatosha.

Betri: tuseme unataka akiba ya siku moja na nusu, yaani uniti 3.35. Betri za lithiamu (fosfeti ya chuma) unaweza kuzitumia hadi asilimia 80 bila kuziumiza, kwa hiyo unahitaji uniti 4.2, betri moja ya volti 51.2 na ampea-saa 100, yenye uniti 5.1, inatosha. Betri za asidi zisishushwe chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji uniti 6.7, yaani betri tatu za volti 12 na ampea-saa 200. Lithiamu huvumilia mizunguko 3,000 hadi 6,000. Za asidi zikitumika kila siku hudumu miaka 3 hadi 5. Betri za asidi huonekana rahisi dukani, ila katika miaka kumi utazinunua mara mbili au tatu.

Paneli zenyewe hudumu miaka 25 hadi 30, zikipoteza karibu nusu asilimia ya uwezo kila mwaka. Inveta hudumu miaka 10 hadi 15. Weka moja ya akiba kwenye hesabu.

Omba bei ya mfumo mzima pamoja na ufundi, igawe kwa bei ya lita ya petroli. Ikitoka sawa na lita 4,000, kwa mfano, mfumo umejilipa ndani ya miaka mitatu hivi, na friji limewaka usiku kucha. Ikitoka sawa na lita 20,000, ama umepigwa bei, ama mfumo ni mkubwa kupita mzigo wako.

Geuza mfano, na jibu linageuka nalo. Duka lenye umeme wa gridi unaokatika saa 50 kwa mwaka litatumia lita 25 tu kwenye jenereta hiyohiyo. Hapo sola na betri za kusubiri saa 50 ni pesa iliyolala. Vyanzo visivyo jadidifu hushinda pale matumizi yanapokuwa ya nadra na ya nguvu nyingi kwa mkupuo.

Hatua ya 5: Toa mapishi na joto kwenye hesabu ya sola, kisha uyarudishe kwa makusudi

Birika la wati 2,000 kwa nusu saa hula uniti nzima, karibu nusu ya kila kitu tulichoorodhesha. Familia inaweza kuhitaji uniti 2 za joto linalofika chunguni kwa siku. Ukizitoa kwenye sola, umeongeza mfumo karibu maradufu.

Moto wa mafiga matatu hufikisha chunguni asilimia 10 hadi 15 tu ya nishati ya kuni. Jiko banifu hufika 25 hadi 35, gesi ya mtungi 50 hadi 60. Kwa hiyo kilo moja ya gesi huleta uniti 7 hivi chunguni. Gesi ya mtungi si jadidifu, lakini kwa jikoni, ukilinganisha na kuni zinazojaza moshi ndani, ni afadhali mara nyingi, na sioni aibu kusema hivyo.

Mwenye mifugo ana njia nyingine. Kilo 40 za samadi mbichi, kama za ng'ombe wanne wanaolala zizini, zikichanganywa na maji kiasi kilekile, hutoa takriban mita za ujazo 1.4 hadi 1.6 za gesi kwa siku, na kila mita ya ujazo ina uniti 6 hivi. Mtambo wa mita za ujazo 6 unatosha. Unaoharibika mara nyingi umeharibiwa na mambo matatu: kulishwa siku moja na kusahauliwa tatu, maji ya sabuni au dawa ya kuoshea zizi kuingia na kuua bakteria, na maji kujikusanya kwenye bomba lisilo na mtego wa kuyatolea mahali pa chini kabisa.

Hatua ya 6: Pima eneo lako, usikisie

Jua ni rahisi kupima kwa sababu ramani zake zipo na hazidanganyi sana. Kinachodanganya ni kivuli na joto. Seli za paneli zimeungwa kwa mfuatano, hivyo tawi moja linalofunika kona ya chini linaweza kuondoa theluthi ya uwezo wa paneli, au zaidi. Kwenye joto, kila nyuzi juu ya 25 hupunguza asilimia 0.35 hivi, seli ikifika nyuzi 65, umepoteza asilimia 14. Acha nafasi ya sentimita 10 chini ya paneli ili hewa ipite.

Upepo ndio unaopoteza watu. Nguvu yake hufuata mchemraba wa kasi (kasi × kasi × kasi): kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inaongezeka mara nane. Mtambo wenye mapanga ya kipenyo cha mita 2, kwa upepo wa mita 4 kwa sekunde, hutoa wati 37 hivi. Kwa mita 8 kwa sekunde hutoa karibu 300. Na hakuna fundi atakayeweza kuvuna zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo, kikomo ambacho Albert Betz alikionyesha kwa hesabu. Mtambo mdogo juu ya paa, katikati ya nyumba na miti, hupata upepo uliovurugika na huishia kuwa pambo. Kama wastani wa mwaka kwenye urefu wa mlingoti haufiki mita 5 kwa sekunde, achana nao.

Maji, ukiwa nayo, hayana mshindani. Kanuni ni: wati = 9.81 × lita kwa sekunde × mita za mteremko × ufanisi. Kijito kinachojaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde mbili kina lita 10 kwa sekunde. Kikishuka mita 12, na ufanisi ukiwa nusu, unapata wati 590 mchana na usiku, yaani uniti 14 kwa siku, mara sita ya mahitaji ya nyumba yetu. Pima mwishoni mwa kiangazi. Aliyepima wakati wa mvua atakuwa na mtambo mkubwa usiozunguka miezi mitatu ya mwaka.

Hatua ya 7: Soma namba za mitambo mikubwa bila kudanganyika

Ukisikia "megawati 100 za sola" na "megawati 100 za nyuklia", usidhani ni kitu kimoja. Sola ikifanya kazi kwa wastani wa asilimia 20 ya uwezo wake hutoa megawati-saa 175,200 kwa mwaka. Nyuklia kwa asilimia 90 hutoa 788,400. Lakini ubishi wa kinyume nao ni wa uongo: bei ya uniti ya sola tayari imehesabu hizo asilimia 20. Swali la kweli ni nani atashika mzigo jioni. Majibu ni mabwawa, betri, nyaya ndefu za kuunganisha maeneo yenye hali ya hewa tofauti, au mitambo ya gesi inayoweza kuwashwa ndani ya dakika chache. Makaa ya mawe hayafai kazi hiyo. Boila baridi huchukua saa nyingi kupata moto.

Kwa uchafuzi, ripoti ya 2014 ya IPCC (jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi) ilihesabu kila kitu kuanzia uchimbaji hadi kubomoa mtambo. Kwa uniti moja, namba za kati zilikuwa gramu 820 za kaboni kwa makaa ya mawe, 490 kwa gesi, 41 kwa sola ya paani, 38 kwa jotoardhi, 24 kwa maji, 12 kwa nyuklia na 11 kwa upepo wa nchi kavu. Kwa hiyo madai kwamba kutengeneza paneli kunachafua kuliko makaa hayasimami. Kwa nyumba yetu, lita 1,460 za petroli hutoa zaidi ya tani 3 za kaboni kwa mwaka.

Jadidifu hazina usafi wa malaika. Bwawa la Banqiao nchini China lilipobomoka 1975 liliua maelfu kwa maelfu. Mabwawa huhamisha watu na kuzuia samaki. Betri za asidi zikivunjwavunjwa uani humwaga risasi kwenye udongo wanakochezea watoto. Ajali za nyuklia za Chernobyl 1986 na Fukushima 2011 zinajulikana, lakini moshi wa makaa ya mawe huua watu wengi zaidi kwa kila uniti kuliko nyuklia, kimyakimya, bila kutangazwa.

Na bei: mafuta yalipanda karibu mara nne kati ya Oktoba 1973 na mwanzoni mwa 1974. Aliyefunga paneli haguswi na jambo hilo. Hatari yake ni nyingine, kwamba amekopa pesa nyingi mapema, na riba ikiwa kubwa inaweza kula faida yote.

Hatua ya 8: Chagua, na mara nyingi uchanganye

Ukitumia umeme kila siku na mzigo ni wa taa, friji na vifaa vya elektroniki, chukua sola na lithiamu. Ukiwa na maji ya mwaka mzima, anza na maji. Mashine ya kusaga au kuchomelea inayofanya kazi saa chache za vipindi inaweza kubaki kwenye dizeli. Kwa zahanati, kituo cha simu au shule ya bweni, mchanganyiko hushinda: sola ikokotolewe kwa siku za kawaida, jenereta ibebe wiki za mawingu. Kukuza betri hadi zivumilie siku tano za mawingu hugharimu kuliko mafuta ya siku hizo tano.

Ukichanganya, zingatia haya:

- Inveta inayozidi kilowati moja isiwe ya volti 12. Wati 1,000 kwa volti 12 ni ampea 83. Waya mwembamba utachemka. Tumia volti 24 au 48, na fyuzi ya umeme wa betri karibu kabisa na betri.
- Jenereta na gridi zitenganishwe kwa swichi ya kubadilishia. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani hurudisha umeme kwenye nguzo na kuua mafundi.
- Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka madirishani na milangoni. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi.
- Petroli iliyokaa zaidi ya miezi mitatu hadi sita hugandia kabureta. Washa mashine kila mwezi ikiwa na mzigo, au kausha tangi.
- Dizeli isizungushwe muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo. Mafuta yasiyoungua hujikusanya kwenye bomba la moshi na kuchafua silinda.
- Betri za asidi zisiachwe bila chaji hata kwa wiki moja. Bati zake hujaa fuwele za salfeti na uwezo haurudi.

Panga jenereta ianze betri zikifika asilimia 30, ichaji kwa nguvu huku ikibeba mzigo ili yenyewe ifanye kazi kati ya asilimia 60 na 80 ya uwezo, kisha izime betri zikifika 80. Asilimia 20 za mwisho, hasa kwenye betri za asidi, huingia polepole mno kiasi kwamba lita unazochoma hazina thamani. Hizo ziachie paneli za asubuhi.